Bi Kioo na Sayari Yenye Makovu

Ukitaka kumuudhi Bi Kioo, mwite "fundi wa kike". Atakutazama kuanzia kandambili mpaka utosini, kisha atakwambia, "Ukuta haujui nimevaa nini," na atakugeuzia mgongo aendelee na kazi. Ule mgongo una maneno makali kuliko mdomo.

Kazi yake ni kupiga lipu. Jina la Kioo alipewa na mwenye nyumba mmoja ambaye, kwa mujibu wa mafundi, aliingia sebuleni kwake siku ya kwanza, akaegemea ukuta mpya, akateleza mpaka chini. Mafundi wakisimulia, mfuko mmoja wa saruji hujenga ghorofa, kwa hiyo hadithi ipunguze mwenyewe. Lakini lipu ya Bi Kioo kweli ilikuwa laini. Ukipitisha kiganja, kiganja hakipati pa kushika. Hakuna punje ya mchanga iliyochomoza, hakuna wimbi, hakuna alama ya mwiko. Ukiwasha taa pembeni ya ukuta, mahali ambapo mafundi wengine huanza kuomba radhi, wa kwake hukaa kimya kama maji ya mtungini.

Hakuanza na mwiko. Alianza na ndoo. Alikuwa binti wa kubebea mafundi maji, na walimwita Bomba. Siku moja fundi aliyekuwa akimalizia chumba cha ndani alikwenda kunywa chai, akakawia kama wanavyokawia waendao kunywa chai, na huku nyuma lipu ikaanza kukaza. Lipu haina adabu ya kumsubiri mtu amalize kikombe. Binti akatua ndoo, akaokota ubao wa kusugulia, akausugua ukuta ule kwa mduara kama alivyokuwa akiona wenzake wanafanya, kona mpaka kona. Fundi aliporudi aliutazama ukuta, akamtazama binti, akautazama tena ukuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Bomba," akajibu.

Kesho yake walitafuta mtu mwingine wa kubeba maji.

Basi fundi huyu wa mikono miwili ya kulia aliolewa na mwanamume wa mikono miwili ya kushoto. Mume wake ni mwalimu wa sayansi, na kupigilia msumari mmoja humchukua asubuhi nzima na plasta mbili, moja ya kidole chake na nyingine ya kidole cha aliyemshikia msumari. Anafundisha shule ya watoto wasioona. Yeye mwenyewe macho anayo, ila ndani ya nyumba hayafanyi kazi: soksi iliyoko mbele yake haioni mpaka mke wake aje aielekeze kwa jina. Lakini mweke mbele ya darasa, utamsahau yule wa soksi. Anapenda wanafunzi wake kwa namna ya kuudhi. Chakula kinapoa mezani yeye bado anaeleza jinsi fulani alivyoelewa mvuke.

Ndiyo maana jioni aliyokaa kimya, mke wake alishtuka.

"Unaumwa?"

"Wamewasamehe," Mwalimu akasema.

"Nani kamsamehe nani? Anza kichwani, usinianzie miguuni."

Akaanza kichwani. Katika mtihani wa sayansi kulikuwa na swali la sayari, na swali lile lilikuwa na picha. Mkaguzi wa elimu alikuja shuleni, akaona watoto hawaoni picha, akasema basi sehemu hiyo wasamehewe. Mkuu wa shule naye akaona kama haipo kwenye mtihani, ya nini kuifundisha? Mada nzima ya sayari ingeondolewa, muda ule watoto waendelee kusuka vikapu vyao.

"Si ahueni hiyo?" akasema Bi Kioo. "Mimi ningesamehewa hesabu ningepiga vigelegele mpaka majirani waje kuuliza nani kajifungua."

"Mke wangu, mtu husamehewa kosa. Hawa wamekosa nini?"

Bi Kioo akaweka kijiko chini.

Mwalimu alikuwa ameomba nafasi moja. Mkaguzi angerudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kama watoto wangeweza kuieleza walau sayari moja bila picha, na kujibu maswali kwa vichwa vyao wenyewe, swali lingebaki na mada ingebaki. Wakishindwa, vikapu.

"Umechagua ipi?"

"Zebaki. Ndiyo ndogo kuliko zote nane, nikadhani itakuwa rahisi."

"Ulivaa kiatu chenye kijiwe kidogo lini mara ya mwisho?" akauliza mke wake. "Haya nieleze hiyo Zebaki yako. Nieleze kama nyumba."

Akamweleza kama nyumba. Iko jirani kabisa na jua, hakuna sayari iliyo karibu zaidi. Upana wake ni zaidi kidogo ya theluthi ya upana wa Dunia. Mwezi wetu ukiwekwa kando yake, wataonekana mtu na mdogo wake. Sakafu yake ni mwamba mtupu.

"Na paa?"

"Haina. Hewa yake ni chembe tu za kuhesabika, haifuniki kitu. Kwa hiyo mchana joto linafika kiwango cha kuyeyusha madini ya risasi, na usiku, kwa kuwa hakuna cha kulishika hilo joto, baridi inashuka nyuzi mia na themanini chini ya sifuri."

"Nyumba isiyo na paa," Bi Kioo akatikisa kichwa. "Fundi wake alilala wapi? Endelea."

"Mwaka wake ni siku themanini na nane za kwetu, inalizunguka jua mbio mbio. Lakini yenyewe inajigeuza polepole mno. Jua likichomoza mahali, halitui mpaka mwaka mzima wa kule uishe. Kisha usiku nao mwaka mzima."

"Yaani kibarua akiingia kazini asubuhi, jioni ikifika ana mtoto wa kutambaa."

"Kwa miaka ya kule, ndiyo."

"Na ndani kuna nini?"

"Chuma. Bonge la chuma limejaza karibu yote, mwamba ni ganda tu la juu. Na ganda lenyewe limejaa mashimo. Mawe ya angani yameipiga tangu enzi, na kwa kuwa hakuna mvua wala upepo wa kufuta, kila pigo limebaki. Shimo juu ya shimo, shimo ndani ya shimo."

"Basi kazi ndogo hiyo," akasema Bi Kioo, akanyanyuka kuondoa vyombo. "Mwambie mkaguzi wako aje."

Maneno hayo baadaye yalimrudia kama mpira uliopigwa ukutani.

Alikusanya vipande vya nondo, bawaba za milango iliyokufa na nati za kila ukubwa, akavifunga kwa waya mpaka vikawa bonge. Kama ndani ni chuma, watoto wapate uzito wa chuma. Juu yake akapiga lipu ya mchanga aliouchekecha mara mbili, mpaka likatoka tufe la kiasi cha tikiti kubwa. Akachukua kijiko akatoboa mashimo, makubwa kwa madogo, hovyo hovyo kama alivyoelekezwa. Jirani akapita uani, wakaongea. Jirani akaenda zake.

Mwalimu alipotoka kuangalia, alizunguka lile tufe mara mbili.

"Mashimo yako wapi?"

"Hayo hapo."

"Wapi?"

Bi Kioo akatazama. Tufe lilikuwa linang'aa kama upara wa hakimu. Mkononi alikuwa ameshika sponji mbichi. Wakati mdomo ukiongea na jirani, mkono uliona mashimo, ukafanya ulichofanya maisha yake yote ukiona shimo.

"Yalikuwepo," akasema kwa sauti ndogo.

Hata hivyo alilipeleka shuleni, kwanza kwa sababu siku zilikuwa zinayoyoma, na pili kwa sababu ya kiburi. Lilikuwa tufe zuri. Alilibeba mwenyewe, maana Mwalimu alijaribu akatoa mlio ambao haukumpendeza mtu yeyote. Darasani wakamwita msichana mmoja aliyeitwa Wakili. Umri wake ulikuwa wa kuanza kuota chunusi, mdomo wake wa kustaafu. Akaweka viganja vyake juu ya tufe, akazungusha, akanusa.

"Mwalimu," akasema, "hili ni yai la nani?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Bi Kioo alisimama pale akiona joto masikioni. Kazi yake ilikuwa imetajwa kwa ulaini tangu ujana wake, lakini hakuwahi kusikia ulaini ukitajwa kama tusi.

Tufe la pili alilifanya kwa hasira, na hasira ya fundi ina vipimo. Alifunga sponji kabatini. Akachora mistari kwa uzi, akapima kwa rula, akatoboa kila shimo kwa kifuniko cha chupa. Lilipokauka akalipeleka, akamwekea Wakili mbele bila salamu.

Vidole vya msichana vilitembea. Kushoto, kulia, kushoto.

"Haya yamepanga foleni," akasema. "Mawe ya huko angani yanapigiwa filimbi? Wewe simama hapa, wewe pale, mwenzako asikuguse?"

"We mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Na Bi Kioo. Nakujua. Ukuta wa bweni letu ni wako."

"Ulijuaje?" Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Kioo akataka kutabasamu.

"Hauna kitu," akasema Wakili. Hakuwa anatania. "Ukuta wa jikoni nausoma. Pale fundi alichoka, pale alibadilisha mkono, pale mchanga ulikuwa na kokoto. Wa kwako nilipitisha mkono mpaka mwisho nikakuta mlango. Shikamoo Bi Kioo, lakini sisi laini hatusomi. Laini ni karatasi tupu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu alijikohoza, akasema neno la kutuliza, mke wake akalikata kwa mkono. Alibeba tufe lake akaondoka, na njiani mtu aliyemsalimia hakuitikiwa.

Usidhani alikuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri, na Bi Kioo akifikiri uso wake hufanana na wa mtu anayedaiwa. Sasa kazi yake nzima ilikuwa ni kufuta: alama ya mwiko, kiganja cha kibarua, hata kucha ya paka aliyepita juu ya saruji mbichi. Na mbele yake kulikuwa na sayari ambayo haijawahi kufutiwa kitu. Alijaribu tena uani, akajitahidi kuharibu, kila alipoharibu mkono ukarudi kutengeneza. Unaweza kumfundisha mtu mzima kazi mpya, lakini jaribu kuisahaulisha mikono ile ya zamani.

Jumanne akamwambia mume wake, "Mimi siwezi kuipiga. Waje waipige wenyewe."

Jumatano mchana aliingia uwanja wa shule na bonge lake la chuma, karai, mchanga na saruji. Akachanganya palepale, akapiga lipu nene juu ya chuma, akaliweka tufe kwenye kilima kidogo cha mchanga. Watoto wakapanga mstari, kila mmoja na mawe mkononi, madogo kwa makubwa. Walikuwa wanachekacheka, hakuna mtu mzima aliyewahi kuwapa mawe akawaambia rusheni.

"Bado!" akasema Bi Kioo. Alikuwa ameweka kidole kwenye lipu. "Ukilipiga sasa ni uji, litakurukia usoni. Ukichelewa ni mwamba, jiwe litadunda. Udongo uwahi ungali maji, lakini si maji matupu. Subirini."

Wakasubiri. Kila mara alibonyeza, akasikiliza kidole chake, akasema bado. Mwalimu akaanza kufungua mdomo, akafungwa kwa jicho. Kisha Bi Kioo akasema, "Sasa. Upesi!"

Mwalimu alikuwa nyuma ya tufe akigonga karai kwa kijiko, ili watoto walenge sauti. Ulikuwa mpango mzuri kwenye karatasi. Jiwe la kwanza lilipiga karai. La pili lilimpiga Mwalimu kwenye goti, akaruka, akaendelea kugonga akiwa amejificha nyuma ya karai lenyewe.

"Mwalimu, unasogea!" akalalamika mmoja.

"Nisisogee, nife?"

Kisha yakaanza kuingia. Pu! Jiwe likazama, likatupa ukingo wa lipu kuzunguka shimo. Pu! Lingine likaangukia nusu ya shimo la kwanza. Mvulana mmoja mnene wa mkono mzito akarusha kwa juu kabisa, jiwe likashuka wima utosini mwa tufe, likazama mpaka likapotea.

Bi Kioo alitazama lipu yake ikipigwa mawe. Ukingo mmoja uling'oka ukaning'inia, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe.

"Nipe mikono," ikasema sauti pembeni yake. Ni Wakili. "Nimekusikia unapumua. Nipe yote miwili."

Akampa. Msichana akaibana kwapani kwake kama mtu aliyekamata kuku wawili, na kila jiwe lilipotua alihisi ile mikono ikishtuka.

"Inataka kwenda," akasema.

"Inataka sana."

"Sasa najua kwa nini ule ukuta hauna kitu," akasema Wakili, akaibana zaidi. "Hii mikono haipumziki. Kwa kweli ni mikono ya ajabu, Bi Kioo. Tulia lakini."

Mawe yalipokwisha, Mwalimu akachechemea mbele akaeleza jambo la mwisho. Lile bonge la chuma ndani ya Zebaki lilikuwa la moto, nalo linapoa, na kitu kikipoa hunywea. Ndani kukinywea, ganda la nje linabaki kubwa kuliko mwili, kama nguo ya mtu aliyekonda, basi linajikunja; kipande kimoja kinapanda mgongoni mwa kingine, zikatokea kuta ndefu za mwamba. Bi Kioo akaachiliwa mikono kwa kazi hiyo tu. Akabana lipu pande mbili kwa vidole gumba, kipande kikapanda juu ya kingine, kikaacha ngazi ndefu yenye kingo kali. Akatoa mawe yote, na lile la utosini akalitoa kwa koleo, likaacha kisima chembamba. Kisha mwenyewe akarudisha mikono kwa Wakili mpaka lipu ikakaza.

Alhamisi asubuhi mkaguzi akaja. Alikuwa bwana mpole mwenye tai ndefu kuliko ilivyohitajika, na kabla hajaketi alisema la moyoni: mwaka uliotangulia alisahihisha karatasi za shule hii, akaona watoto wenye akili wakipoteza alama kwa sababu ya picha. "Sikuwaondolea kwa dharau. Sikutaka waonewe tena."

"Tunashukuru," akasema Wakili. "Sasa uliza."

Bi Kioo alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Tufe lilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha ambapo aliliacha jana, maana hakuna mwingine aliyeweza kulisogeza, na jua la asubuhi lilikuwa linalipiga kutoka ubavuni. Mkaguzi akauliza, watoto wakajibu wakipokezana, vidole vikiwa juu ya mashimo. Umbali, ukubwa, mwaka, mchana mrefu. Kwa nini mashimo hayafutiki. Ngazi ile imetokana na nini. Mvulana mmoja alijaribu kulinyanyua akaeleza habari za chuma huku akihema.

"Na ndiyo sayari ya moto kuliko zote," Wakili akamalizia kwa madaha.

"Hapana," akasema mkaguzi. "Ni Zuhura."

Mlangoni, Bi Kioo akahisi vikapu vikikaribia.

"Kivipi? Zuhura iko mbali zaidi!"

"Iko mbali, lakini imejifunika hewa nzito. Joto likiingia halitoki."

Wakili akafikiri. "Yaani ile ina paa."

"Ina paa, tena zito mno," mkaguzi akakubali. Akalegeza tai. "Nina swali moja, nalo kitabuni mwenu halipo. Wataalamu wameona dalili za barafu kwenye Zebaki. Ile ile iliyo jirani na jua. Barafu itakaaje pale?"

Mwalimu akafumba macho. Hakuwa amewafundisha hilo. Watoto wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema usiku, mwingine akamkatalia, usiku unaisha. Wakili alikuwa anapapasa tufe. Ubavu wa dirishani ulikuwa wa moto, akaondoa mkono. Ubavu wa ndani ulikuwa baridi. Akarudi, akapanda juu, akafika utosini. Kidole kikaingia kwenye kisima. Kikakaa humo.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "njoo uweke kidole chako hapa nje. Pana nini?"

"Pana moto."

"Sasa kiingize humu ndani."

Mkaguzi akakiingiza. Saruji ndani ya kisima ilikuwa baridi kama ya chini ya mtungi.

"Jua linapita ubavuni, halioni ndani," akasema Wakili. "Kama hili shimo liko utosini kabisa, na jua siku zote linapita ubavuni, basi humu halijawahi kuingia. Barafu imejificha humu."

Mkaguzi hakutoa kidole haraka. "Ndiyo," akasema hatimaye. "Ni kwenye ncha zake, ndani ya mashimo yasiyoona jua. Ndivyo wanavyosema." Akamgeukia mkuu wa shule. "Swali litabaki. Picha itatolewa, waandikiwe maelezo, na kitu kama hiki kiwe mezani. Na mada msiiguse."

Mwalimu akapiga makofi peke yake, kisha akatazama huku na huku kuona kwa nini yuko peke yake.

"Ngoja kwanza," akasema yule mvulana wa mkono mzito kutoka nyuma. "Yaani tutaufanya mtihani mzima, na swali la sayari?"

"Mtaufanya," akasema mkaguzi kwa furaha.

"Wote?"

"Wote."

"Wakili, umetuponza!" Darasa likalipuka. "Tulikuwa tumeshasamehewa! Nani alikutuma utie kidole?" "Sasa na Zuhura tusome?" "Na ile yenye pete?" "Mi' kikapu changu nilikuwa nimefika nusu!"

"Someni," akasema Wakili. "Mnalia nini? Someni."

Bi Kioo alicheka mpaka akashika mlango, akaenda dirishani kwenye tufe lake, na wengine wakamfuata huko kumlalamikia yeye, kwamba mawe yale ni wazo lake, kwamba angewaachia tu yai. Mvulana wa mkono mzito ndiye aliyelalamika zaidi. Alisimama pale, amekunja uso, akahesabu sayari saba zilizobaki zinazomsubiri na kusema haki hakuna. Na wakati wote huo vidole vyake vilikuwa vikipanda ile ngazi ya mwamba, vikifika kileleni, vikishuka upande wa pili, vikirudi kuanza upya.